Kupima presha nyumbani: mashine, daftari na njia ya kliniki

Wiki haipiti bila ya mtu kuniuliza. Mmoja atanivuta pembeni harusini, mwengine atapiga simu saa 4 za usiku: "Dada, presha ya mama 168, tumpe kidonge chengine?" Nami humuuliza: alikaa vipi? Katokea wapi? Mkanda mmeufunga juu ya nguo? Hapo simu hunyamaza. Miye ni nesi, nimefanya kazi kliniki ya presha na sukari miaka mingi, na siku hizi nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina mashine. Kaileta mtoto aliyeko Oman, imewekwa juu ya kabati ndani ya boksi lake, na hutolewa siku mzee anapoumwa na kichwa. Inapimwa kwa haraka, huku watu wamemzunguka, na namba inayotoka huwatia khofu wote.

Basi haya ni kwa wewe mwenye mzee ndani, au wewe mwenyewe uliyeambiwa una presha ya kupanda na hujui uanzie wapi. Nataka ufike kwa daktari na wiki moja ya namba zilizopimwa sawasawa. Kubadilisha dawa mwachie yeye.

Nadharia ni hii tu. Namba ya juu ni nguvu ya damu pale moyo unaposukuma. Ya chini ni pale moyo unapopumzika baina ya pigo na pigo. Hospitali huhesabu kuwa presha imepanda ikikutwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku mbalimbali. Nyumbani mtu huwa ametulia zaidi, kwa hivyo mpaka wake ni 135/85. Na mtu mwenye 170 anaweza kwenda shamba, akarudi, akapika na akacheka na majirani bila ya kuumwa popote. Ukimsikia mzee anasema "leo sina presha, sijaisikia", mwambie presha haisikiki, inapimwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine ya betri ya kufunga mkono wa juu, baina ya bega na kiwiko. Za kufunga kifundo cha mkono ni nyepesi kubeba lakini namba zake huyumba kwa namna mkono ulivyokaa. Kama hujanunua bado, ziache.
- Betri za akiba. Mashine yenye betri dhaifu hujaza upepo nusu ikakataa.
- Futi ya fundi cherehani, ya kupimia mzunguko wa mkono.
- Kiti chenye mgongo, hata cha plastiki, na meza. Kama hakuna meza, mito miwili migumu inatosha.
- Daftari la skuli na kalamu. Simu ina kumbukumbu, naam, lakini simu huibiwa, huanguka majini, na daktari hana nafasi ya kukusubiri uitafute picha.
- Dawa zote anazotumia, kwenye mfuko mmoja.

Kuhusu futi nitasimama kidogo, maana hapa niliteleza mwenyewe. Ami yangu ni mvuvi wa Kojani, kavuta nyavu tangu mtoto, na mkono wake wa juu una mzunguko wa sentimita 36. Mkanda unaokuja na mashine nyingi ni wa mkono wa sentimita 22 hadi 32. Nilimnunulia mashine, nikamfunga mkanda ule ule, ukafika kwa taabu, nikajisemea unatosha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ilivyo. Kwa miezi kadhaa alipeleka kliniki namba za 160 na kitu, dawa ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena. Alfajiri moja aliinuka kwenye sijida akaona kiza, akashika ukuta. Tulipompima kwa mkanda mkubwa ilikuwa 108. Miye nesi, na kosa ni langu. Kwa hivyo pima mkono kwanza, katikati ya bega na kiwiko, kisha usome saizi iliyoandikwa kwenye mkanda wenyewe. Ikizidi 32, tafuta mkanda mkubwa wa mashine hiyo hiyo. Usiazime wa mashine nyengine.

Hatua za kupima

1. Chagua saa mbili za siku na uzishike. Asubuhi, baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya chai na kabla ya dawa. Jioni, kabla ya chakula cha usiku. Nusu saa kabla ya kupima pasiwe na kahawa, sigara wala kazi ya nguvu. Mzee aliyetoka barazani na vikombe vitatu vya kahawa chungu hapimwi, asubiri. Mama aliyetoka pwani kufunga mwani, kabeba gunia limaji kichwani, naye hapimwi hadi apumzike.

2. Aende chooni kwanza. Kibofu kikijaa presha hupanda. Watu hulicheka hili, lakini wazee wengi hufika kliniki wameubana mkojo tangu kwenye daladala.

3. Akae kitini, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini. Kukunja nne hakufai, na kukaa mkekani na miguu imekunjwa hakufai. Najua wengi wetu tumezoea mkeka. Kwa dakika hizi kumi akae kiti.

4. Utoe mkono nje ya nguo. Usikunje mkono wa kanzu au wa gauni ukawa kama kamba juu ya msuli. Kwa kina mama, ingieni chumbani, mlango ufungwe, mkono utolewe wote. Mkanda unagusa ngozi.

5. Funga mkanda vidole viwili juu ya kiwiko. Mpira wa upepo uteremke upande wa ndani wa mkono, palipo na mshipa. Ukaze kiasi vidole viwili vipite chini yake. Kisha mkono ulale juu ya meza au mito, kiganja kimeangalia juu, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Mkono ukining'inia namba hupanda. Ukiinuliwa juu sana hushuka.

6. Dakika 5 za kimya. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Hakuna redio ya mpira, hakuna simu, hakuna kumwambia habari za mjukuu aliyefeli. Na shida yetu sisi ni hodi: jirani akipiga hodi, mzee wa Kizanzibari hawezi kunyamaza, ataitikia "karibu" hata mkanda ukiwa umejaa upepo. Mweke mtoto mlangoni aitikie yeye. Kuzungumza wakati wa kipimo peke yake kunatosha kuipandisha namba.

7. Bonyeza, subiri, pumzika dakika moja, bonyeza tena. Andika namba zote mbili zilivyo. Usichague ile nzuri, wala usipime mara sita mpaka upate unayoitaka. Mkono ukibanwa mfululizo nao huchoka, na mzee hukasirika.

8. Endelea siku 7. Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Mkono uliotoa namba kubwa ndio utakaoutumia siku zote. Namba za siku ya kwanza huwa juu kwa wasiwasi, kwa hivyo ziandike lakini usizitie kwenye hesabu.

9. Tafuta wastani. Jumlisha namba za juu za siku sita zilizobaki, gawa kwa idadi yake. Fanya hivyo hivyo kwa za chini. Mtoto wa darasa la sita anaiweza hesabu hii kwa simu.

Ukurasa wa daftari uwe hivi:

Jumatatu. Asubuhi 152/91, 146/88. Jioni 141/86, 139/84. Mkono wa kulia. Dawa amekunywa saa 1 asubuhi. Usiku hakulala vizuri.

Wastani wa siku hiyo ni kama 145/87. Angalia jinsi ile 152 ya kwanza, ambayo ingeipigisha nyumba nzima simu, ilivyokaa mahali pake baada ya kupata wenzake. Na lile neno la mwisho, "hakulala vizuri", liandike kila linapotokea. Daktari hulisoma.

Wiki ikimalizika, usiendelee kupima kila siku kama huna sababu. Presha ikishatulia, siku chache kabla ya kliniki zinatosha. Nina wagonjwa wanaopima mara nane kwa siku, na kila namba huwapa khofu inayoipandisha inayofuata.

Siku ya kliniki

Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wakiona haja ya zaidi watakuandikia uende juu: Unguja kuna Kivunge, Makunduchi na Mnazi Mmoja, Pemba kuna Wete, Chake Chake, na Abdalla Mzee pale Mkoani. Nenda na daftari, mfuko wa dawa, na mara moja kwa mwaka nenda na mashine yenyewe. Omba mzee apimwe kwa ya kwao na kwa yako, moja baada ya nyengine, mkono ule ule. Zikipishana kidogo hakuna neno. Zikipishana mara kwa mara kwa zaidi ya 10, mashine yako imechoka au mkanda si wake.

Asubuhi ya kliniki anywe dawa kama kawaida, isipokuwa daktari amesema vyengine. Wengi huja hawajameza "ili daktari aione presha yenyewe". Daktari anataka kuiona presha ikiwa na dawa, ajue kama zinafanya kazi.

Kwenye ule mfuko tia na visivyotoka hospitali: habasoda, kitunguu thomu cha kutwanga, majani ya kuchemsha uliyopewa na shangazi. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo basi mvumilie. Tunataka kujua tu nini kinaingia mwilini. La khatari zaidi, na watu hawalitaji kabisa, ni vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, vinavyonunuliwa kama peremende kwa ajili ya magoti na kiuno, hupandisha presha na kuzitesa figo. Ukiona dawa imeongezwa mara mbili na namba haishuki, angalia kwanza kama mzee ana pakiti chini ya mto.

Masuala ya kumuuliza daktari, yaandike nyuma ya daftari: lengo la namba zetu ni ngapi? Figo na sukari tulizipima lini mara ya mwisho? Dawa hii nimeze asubuhi au usiku? Nikisahau nifanye nini? Kwa dawa nyingi za presha jawabu la hili la mwisho ni kuimeza ukikumbuka siku hiyo hiyo, na kesho yake usimeze mbili kufidia.

Jikoni

Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inaingiza ile iliyomo ndani ya mkate na vitafunio. Kwetu adui si mkono wa mpishi peke yake. Ni papa mkavu, ng'onda, achari, kidonge cha supu kinachovunjwa ndani ya mchuzi, na chipsi za jioni zinazomwagiwa chumvi mara mbili.

Kama papa ni lazima, na najua nyumba ambazo ni lazima, mloweke usiku kucha, mwaga maji, mchemshe, mwaga tena, kisha usitie chumvi kabisa kwenye tui. Ndimu, ukwaju, pilipili, tangawizi na thomu vitabeba ladha. Wala usipike sufuria mbili, moja ya mgonjwa na moja ya wazima. Haidumu hata wiki. Mzee ataonja ya wenzake. Punguzeni wote, kidogo kidogo, na baada ya wiki chache ulimi unazoea.

Ramadhani

Nenda kliniki mwezi mmoja kabla, Shaabani ikiwa bado changa. Mwenye presha iliyotulia mara nyingi hufunga bila ya tatizo, na dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku. Ya mara mbili inahitaji daktari aipange upya. Wanaotumia dawa ya kukojoza waangaliwe wasikaukiwe na maji, na wenye sukari wanaochoma insulini au kumeza glibenklamidi wasifunge kabla hawajazungumza na daktari, kwani sukari inaweza kushuka ghafla mchana. Lisilofaa kabisa ni kusimamisha dawa mwezi mzima kimya kimya. Huwa tunawapokea baada ya Idi.

Usipime tena, nenda hospitali

Kama mdomo umekwenda upande, mkono au mguu mmoja umelegea, maneno yamegeuka, kuna maumivu ya kifua, pumzi zinabana, macho yameingia kiza au kichwa kimepiga ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuuona, mpakieni gari muende, usiku au mchana, namba iwe yoyote. Angalia saa dalili zilipoanza. Hospitali watakuuliza hilo mwanzo. Usimpe chakula, maji wala dawa, maana anaweza kupaliwa. Na ile tabia ya kuvunja kidonge cha presha na kukiweka chini ya ulimi iacheni: presha ikiporomoka kwa ghafla ubongo hukosa damu.

Namba ikiwa 180/120 au zaidi lakini hana dalili yoyote, atulie dakika 5, umpime tena. Ikibaki hapo, aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Mjamzito ana hesabu yake. Kuanzia 140/90, khasa akiwa na kichwa, macho kuona nyota, au maumivu chini ya kifua, aende siku hiyo bila ya kusubiri tarehe ya kliniki. Hiyo ni njia ya kifafa cha mimba. Na mwanamke anayetumia dawa za presha za enalaprili au losartani, akitaka kushika mimba au akijishuku, amwambie daktari mapema. Dawa hizo humdhuru mtoto tumboni.

Mambo yakienda mrama

*Mashine inaandika herufi badala ya namba.* Mara nyingi mkanda umelegea, mpira umekunjika, au mtu ametikisika. Fungua, funga upya. Ikirudia, badilisha betri.

*Inaonesha alama ya moyo unaopiga ovyo.* Mara moja, pengine alijitikisa. Ikitokea siku kadhaa, andika na umwoneshe daktari. Anaweza kutaka kipimo cha umeme wa moyo.

*Hospitali 160, nyumbani 128.* Wapo watu wanaopanda wakiliona koti jeupe. Daftari lako ndilo litakalomwokoa asipewe dawa asiyoihitaji. Wapo na wa kinyume chake, wazuri kliniki na wabaya nyumbani, na hao huwakuti bila ya daftari.

*Kizunguzungu akisimama, namba ya juu chini ya 100.* Mpime akiwa amekaa, kisha baada ya kusimama dakika moja hadi tatu. Peleka namba zote kliniki siku hiyo au kesho yake. Akizimia, nenda hapo hapo.

*Miguu imevimba tangu aanze amlodipini.* Dawa hiyo inajulikana kwa hilo. *Kikohozi kikavu kisichokwisha tangu aanze enalaprili au kaptoprili.* Nako kunajulikana. Yote mawili yana dawa mbadala, kwa hivyo rudi ubadilishiwe. Usiache kumeza ukakaa nyumbani. Lakini ukiona midomo au ulimi unavimba, hiyo si ya kusubiri hata saa moja.

*Namba zimeshuka vizuri, aache dawa?* Zimeshuka kwa sababu anameza. Akiacha zinarudi, na dawa kama atenololi ukiikata ghafla moyo hupiga mbio.

*Dawa zimeisha kabla ya tarehe.* Rudi kituoni zikiwa zimebaki za wiki moja, kwani ghala nalo huishiwa. Ukinunua, nunua duka la dawa lililosajiliwa, nenda na pakiti ya zamani, ulinganishe jina na miligramu. Rangi ya kidonge hubadilika kwa kila kiwanda, usiitegemee. Na ukisafiri baina ya Unguja na Pemba, dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloshushwa chini na mizigo. Nimemwona mama mmoja pale Mkoani akisubiri begi lake siku mbili, na vidonge vyake vya mwezi mzima vimo ndani.